Jiwe la Mlangoni

Kaka,

Huku sote wazima, isipokuwa mmoja.

Jiwe ulilomtumia mama lilifika. Uliandika kwamba lina miaka bilioni mbili, na kwamba huko maabarani kwenu kukosea kwa miaka milioni tano si kitu. Mama alicheka mpaka akashika mbavu, akaliweka mlangoni ili mlango usijifunge, kwa kuwa uliandika pia, "Nakuja karibuni." Hiyo karibuni yako ina miaka sita! Nikilalamika alikuwa akiniambia, "Mwache, kazi yake imemzoesha hesabu kubwa."

Tulimzika Jumanne. Pole yako kaa nayo. Mlango nimeufunga, na jiwe lako nimeliweka kaburini kwake. Njoo upime amelala hapo tangu lini. Ukikosea miaka sita, si kitu.

Mdogo wako, uliyemwachia mama