Kwa Babu Abdulsamad, Pua ya Wembley

Ni mwaka mmoja na siku nne sasa tangu ulipotuacha, Babu. Mwaka ni wa familia yote. Siku nne za ziada ni zangu mimi, mjukuu wako Miska, niliyepewa kazi ya kuandika kumbukumbu hii nikaichelewesha, kwa sababu ambayo wasomaji wataiona mbele na ambayo, kwa mara ya kwanza maishani mwangu, si uvivu.

Baba, mwanao Asad, hakutaka niiandike mimi. Alisema kumbukumbu ni jambo la heshima, na mimi ndiye niliyejaza chumvi kwenye bakuli la sukari siku ya wageni wa posa. Bibi Mardhiya akamjibu, "Mwache mke mwenzangu aandike. Ndiye aliyekuwa akiandikiana na marehemu." Mjadala ukafungwa. Uliniita mke wako tangu nina siku saba, Bibi akanipokea kama mke mwenza bila wivu, na utani wa babu na mjukuu ni haki ambayo hata kifo hakiwezi kuifuta.

Tunakukumbuka ukiwa dukani kwako Wembley, London, kile chumba chenye upana wa mlango mmoja na nusu, jirani na Sunny fundi simu. Hukuuza mafuta mazuri kwa mtu mwenye haraka. "Rudi ukiwa na nafasi," ulimwambia, kisha ukamsogezea kiti ili nafasi ianzie pale pale. Manukato ya kupuliza uliyaita dawa ya mbu. Kila aliyeingia, alinunua au hakununua, ulimchomeka kipande cha pamba chenye atari, yale mafuta mazuri, kwenye mkunjo wa sikio, kama ulivyowaona wazee wa Kannauj wakiwafanyia wageni wao. Hata askari wa maegesho aliyekuja kukuandikia faini alitoka na pamba sikioni. Faini aliiacha vilevile, ila aliibandika kwa upole.

Kannauj. Sidhani kama kuna aliyekaa kwenye kiti kile akaondoka bila kusikia habari za Kannauj. Ni mji mdogo wa India ya kaskazini, karibu na mto Ganga, uliokuwa zamani makao ya wafalme. "Wafalme waliondoka," ulikuwa ukisema, "harufu ikakataa kuondoka." Ulikwenda kila mwaka ulipokuwa na nguvu, ukarudi na masanduku na maneno. Ulitueleza kuwa waridi huchumwa alfajiri, kabla jua halijalinyang'anya harufu yake. Hutiwa ndani ya sufuria kubwa la shaba pamoja na maji, mfuniko ukazibwa kwa udongo, na mvuke ukapita kwenye mwanzi hadi chombo cha pili kinachokaa ndani ya maji baridi, chenye mafuta ya msandali yanayoungoja. Hakuna kipimajoto. Fundi huweka kiganja juu ya shaba, husikiliza, kisha huchomoa kuni moja. Baba yake alifanya hivyo, na babu yake kabla yake.

Sunny, aliyezaliwa Nairobi na asiyeamini kitu asichokifungua kwa bisibisi, alikuuliza siku moja, "Mzee, kwa hivyo huko hata mitaro inanukia waridi?"

"Mitaro inanukia mitaro, Sunny. Waridi linakuja la pili."

"Basi ni kama hapa tu, ukitoa hilo la pili."

Ulicheka mpaka ukavua miwani.

Lakini uliyoipenda kuliko zote ni atari ya udongo. Mafundi wa Kannauj huchukua udongo wa kwao, huuchoma ukawa vigae vidogo, huvipika kama wanavyopika maua, na kinachotoka ni harufu ya mvua ya kwanza inapoigusa ardhi kavu. Ulisema ni harufu ya uwanja wa nyumba yenu kule Wete, vuli inapoanza, na kwamba uliizunguka dunia nzima kabla ya kuikuta India ndani ya chupa. Na chupa yenyewe ni ya ngozi, kwa kuwa ngozi inapumua: maji yaliyobaki hutoka polepole, mafuta yakabaki. Ukiihamishia kwenye kioo kabla ya wakati wake, maji hunaswa ndani na atari huchacha. Wakati wenyewe hauko kwenye kalenda. Uko puani.

Sasa nieleze kosa langu. Bibi amesema niandike yote, kwa kuwa jina lako ni zito na halitapeperuka.

Nilikuwa na miaka kumi na tatu, nimerudi likizo kutoka shule ya bweni, siku tatu kabla ya Idi. Nilibadilisha lebo za chupa zako zote arubaini. Hesabu yangu ilikuwa rahisi. Ungefungua chupa ya kwanza, ungenusa, ungeniita kwa jina langu kamili hadi la babu mzaa babu, nami ningekuwa nimeshajificha kwa Sunny.

Akaingia Mzee Muhsin, akitaka waridi la harusi ya mwanawe Amir. Ulichukua chupa iliyoandikwa Waridi. Ndani yake mlikuwa na mkadi, ua ambalo harufu yake huingia chumbani kabla ya aliyelivaa. Ulifungua, ukaileta puani, ukafumba macho.

"Waridi la Kannauj," ulisema. "Hili lilichumwa na umande wake."

Mzee Muhsin alichomekwa pamba. Akavuta pumzi. Akaitazama lebo, akakutazama wewe, nikaona jinsi pua yake na adabu yake zinavyopigana. Adabu ikashinda. "Mashaallah," alisema. "Waridi hasa." Katika Wembley nzima hakuna aliyethubutu kuiamini pua yake mbele ya yako.

Mimi nilikuwa nyuma ya pazia, nimejiziba mdomo nisicheke. Kisha kicheko kikaisha chenyewe.

Alipoondoka nikachukua chupa tupu ya asumini, nikaitia siki ya Bibi, nikakuletea. "Babu, hii vipi?"

Ulisoma lebo kwanza. Sitasahau hilo. Ulisoma, ndipo ukanusa. "Asumini," ulisema. "Nzuri."

"Ni siki, Babu."

Ulikaa kwenye kiti cha wateja. Sikuwahi kukuona ukikikalia. "Umemwambia nani?"

"Sijamwambia mtu."

"Ni tangu korona," ulisema. "Homa ilipoondoka iliichukua na pua. Nikasema itarudi. Nikasema mwezi ujao." Ukaifuta ile chupa ya siki kwa ncha ya shuka, taratibu, kama kwamba ilikuwa na kitu cha maana. "Mtu wa atari asiyenusa ni nani, Miska?"

Nikaanza kuzirudisha lebo mahali pake, moja baada ya nyingine.

Ndipo nikajua kuwa kwa miaka miwili ulikuwa ukiuza kwa lebo na kwa mpangilio wa rafu, na chupa za ngozi ulikuwa ukizimimina kwa kukisia. Shehena nzima ya atari ya udongo ilichacha mikononi mwako, ukaimwaga kwenye sinki, ukatuambia ni baridi ya London. Na mimi, kwa mzaha, nilikuwa nimekuondolea hata zile lebo.

Jioni Baba alipita kutoka kazini uwanja wa ndege, akaziona lebo zimepinda. "Nani kafanya haya?"

Nilifungua mdomo. Ulinitangulia. "Mimi. Nilikuwa nikibandika mpya bila miwani."

Baba akakuamini papo hapo. Mimi sijawahi kuaminiwa hivyo hata ninaposema kweli.

Tuliweka mapatano juu ya ile kaunta. Mimi nisiseme kuhusu pua, wewe usiseme kuhusu lebo. "Wewe una pua bila elimu," ulisema, "mimi nina elimu bila pua. Tukiunganishwa tunapata mtu mmoja." Shule ilipofunguliwa, bahasha ya kwanza ikanifuata bwenini. Ndani yake mlikuwa na pamba yenye doa la njano na kikaratasi: Pamba namba moja. Nijibu kwa barua, tena kwa Kiswahili, maana kwa Kiingereza chenu kila kitu ni "nice".

Mlezi wa bweni alifungua bahasha ya tatu akaniita ofisini. Nilimweleza kwa huzuni kubwa kuwa ni dawa ya masikio ya kwetu na kwamba babu yangu ana wasiwasi juu yangu. Nusu ya maelezo hayo ilikuwa kweli. Alinipa ruhusa ya kudumu.

Mimi niliyekuwa nikikuelewa kwa Kiswahili na kukujibu kwa Kiingereza, nilijifunza kukiandika kwa pamba. Kwa namba nne niliandika, "Inanukia vizuri." Uliirudisha barua yangu imejaa wino mwekundu: "Hata sabuni inanukia vizuri. Inanukia nini? Nani mwengine yumo ndani? Kuna maji?" Kwa namba kumi na saba niliandika, "Kama shati la Baba likipigwa pasi kabla halijakauka." Ulijibu kwa mstari mmoja: "Ahsante. Bado wiki tatu." Zilipokwisha wiki tatu ukamimina, na hakuna tone lililochacha. Sunny akaniambia umeanza tena kuimba dukani, na kwamba yeye anatafuta duka jengine.

Pamba zilikuwa sitini. Ninazo zote ndani ya bati la biskuti.

Wiki chache kabla hujafariki ikaja chupa ya mwisho kutoka Kannauj, ya ngozi, ya atari ya udongo. Uliipakata kama mtoto. "Hii usiiguse mpaka ikwambie yenyewe wakati wake," ulisema. Kisha Jumapili moja baada ya chakula cha mchana ulijilaza kidogo, na hukuamka.

Siku ya arubaini yako Baba alitaka kuimimina awagawie watu. Nilinusa mdomo wa chupa. Ngozi, moshi, maji.

"Bado, Baba."

"Wewe umejuaje?"

"Najua tu."

"Aliyekuwa akijua ni babu yako. Wewe unajua kutia chumvi kwenye sukari."

Pale pale nilitakiwa kuchagua kati ya siri yako na atari yako. Nikimwambia kwa nini pua yangu inafaa kuaminiwa, ningekuvua kile ulichokivaa mbele ya Wembley nzima. Nikinyamaza, ingechacha tena ndani ya kioo, mara hii bila wewe kuwepo. Kwa hiyo nilifanya jambo pekee ninalolijua vyema. Niliiiba. Chupa ilikaa bwenini karibu mwaka mzima, ndani ya kiatu cha mvua, nikirudi nayo nyumbani kila likizo.

Mwezi uliopita tulipoanza kutayarisha hitima ya mwaka, Baba aliniketisha chini. "Miska. Chupa iko wapi, na kwa nini?" Bibi alikuwepo, anamenya vitunguu. Nikasema yote: lebo, siki, Mzee Muhsin, pamba sitini, kiatu cha mvua. Mwishoni nilikuwa nalia, na nililaumu vitunguu.

Bibi ndiye aliyecheka.

"Miaka minne maharage yananiungulia jikoni, naye kakaa mlangoni anasoma gazeti," alisema. "Nami nisijue? Na kila jioni akinipita ananambia, Leo umenukia. Hata siku nilizoshinda nikipaa samaki. Nami namwambia, Ahsante, baba Asad."

"Sasa kwa nini hukumwambia kuwa unajua?" Baba aliuliza.

"Angeacha kunambia," alisema Bibi.

Baba aliinuka, akaenda chumbani kwangu, akarudi na kiatu cha mvua. Akakiweka mbele yangu kwa mikono miwili. "Basi inuse wewe."

Ilikuwa bado. Ikafika siku ya hitima, nyumba imejaa watu, nami nikasema bado. Mwanao, ambaye hajawahi kungoja hata taa ya barabarani, akasimama akawaambia wageni kuwa atari ya marehemu itawafikia majumbani, haijawa tayari. Mmoja akauliza nani kasema. "Binti yangu," alisema Baba. Kesho yake asubuhi akaniuliza, "Vipi?" Bado. Kesho kutwa, bado. Nikaomba na kumbukumbu hii ingoje, ndizo hizo siku nne.

Jana asubuhi sikumngoja aulize. Tuliimimina kwenye kioo pamoja, Bibi ameshika faneli. Kwa hiyo pokea, Babu, barua yangu ya mwisho kwa utaratibu ule ule.

Pamba namba sitini na moja. Ngozi imetoka. Moshi umetoka. Maji hamna. Msandali upo chini, kwa mbali, kama mtu anayesali chumba cha pili. Juu yake kuna uwanja nisiowahi kuuona, mkavu, umefagiliwa, na tone la kwanza limeanguka sasa hivi. Nadhani ni Wete. Kama si Wete, nirudishie kwa wino mwekundu.

Unakumbukwa na mkeo mkubwa, Bibi Mardhiya, ambaye leo amenukia kweli. Na mkeo mdogo, Miska. Na mwanao Asad, aliyekwenda kazini na pamba sikioni na hataki kuulizwa. Na Sunny, ambaye hakupata duka jengine na hakulitafuta. Na Mzee Muhsin, ambaye ameombwa radhi rasmi kwa ajili ya harusi ya Amir, akasamehe, kisha akauliza kama lile waridi bado lipo.

Mungu akurehemu, Babu. Pamba hukauka, nasi tutazichovya tena. Masikioni mwetu umo daima.