Visogo Viwili

Kituo cha utafiti, 2 Machi

Shikamoo baba,

Natumaini u mzima na presha imetulia. Mimi sijambo, ila mbu wa msitu huu hawana adabu. Umeniuliza kazi yangu hasa ni nini, maana majirani wakikuuliza unakosa la kusema. Nakaa kimya na daftari natazama sokwe, na kila dakika tano naandika nani anafanya nini na nani.

Juzi madume wawili wazee waligombana mpaka mmoja akachanika sikio. Nusu saa haijapita, mmoja akamfuata mwenzake, akakaa, akampa mgongo. Yule mwingine akaanza kumchambua manyoya taratibu, kana kwamba hakuna kilichotokea. Sokwe wakizeeka hupunguza marafiki, wakabaki na wawili watatu wa kweli. Nikakukumbuka wewe na baba mdogo.

Mwanao

Nyumbani, 19 Machi

Marahaba mwanangu,

Sijambo, presha iko palepale. Yaani nimekusomesha miaka yote hiyo uje uhesabu chawa wa sokwe! Majirani nimewaambia wewe ni daktari, usije ukaniumbua.

Na huyo mdogo wangu usinitajie. Tumenyoa pamoja miaka ishirini, kioo kimoja, feni moja. Ni yeye aliyegeuzia feni upande wake, ni yeye aliyebeba kiti akafungua duka ng'ambo ya barabara. Mwaka wa pili huu. Mimi ndiye mkubwa, aje yeye. Tena najua anavyoteseka: nilikuwa namnyoa mimi, na kinyozi hawezi kwenda kukaa kwenye kiti cha kinyozi mwingine, mtaa mzima utamcheka. Kisogo chake sasa hivi ni kichaka.

Mimi najinyoa mwenyewe kwa vioo viwili. Kofia navaa kwa sababu ya baridi tu.

Baba yako

Kituoni, 4 Aprili

Shikamoo baba,

Habari za huko? Mimi nilishikwa na mafua, sasa nimepona. Baridi gani hiyo, baba, na feni mligombania?

Sokwe hawaangalii nani mkubwa. Mara aliyepiga ndiye anayemwendea mwenzake, mara aliyepigwa. Hebu mtazame baba mdogo kama ninavyotazama mimi: bila hasira, na uandike.

Mwanao

Nyumbani, 20 Aprili

Marahaba mwanangu,

Mzima mimi, na nimetii. Daftari ninalo.

Saa nne na robo: ametoka mlangoni, amejikuna kisogo kwa kitana. Ametazama huku. Nimejificha nyuma ya mteja.

Saa tano: ametoka na ufagio, amefagia mahali palipokuwa safi.

Saa sita kasoro: mteja wangu amegundua nimemnyoa upande mmoja. Ameondoka ananitukana.

Saa nane: ametoka na gundi, amebandika karatasi mlangoni. Nimemtuma mteja akaisome. Anafunga duka, mwanangu. Mwisho wa mwezi anahamia kwao mkewe, safari ya siku nzima.

Hapo nikaacha kuandika. Nijibu haraka: sokwe mmoja akihama, mwenzake hufanyaje?

Baba yako

Kituoni, 25 Aprili

Shikamoo baba,

Sijui. Sijaona hata mmoja aliyengoja muda mrefu hivyo. Nenda leo hii. Mpe mgongo.

Mwanao

Nyumbani, 29 Aprili

Marahaba mwanangu,

Salamu baadaye. Asubuhi nimevuka barabara, nimevua kofia mlangoni kwake. Wateja watatu kwenye benchi wakageuka. Nikakaa kwenye kiti chake, nikampa mgongo. Kioo kilikuwa mbele yangu lakini niliinamisha kichwa, nilimwogopa. Nikasikia droo inafunguliwa. Halafu akaniwekea mkono kichwani, akasema, "Kaka, nani kakufanyia hivi?"

Nikamwambia ni mimi mwenyewe. Akacheka mpaka akashika ukuta. Na mimi nikacheka, halafu nikalia, shuka shingoni, mbele za watu. Mama yako hatunaye tena, wewe uko msituni. Miaka miwili hakuna mtu aliyenigusa kichwa.

Alipomaliza kuninyoa nikamkalisha yeye. Kichaka kile kimenivunjia kitana. Nikamuuliza, "Na kuhama je?" Akasema hawezi kuondoka ameniacha hivi, kisogo changu hakijakaa sawa, nirudi Jumamosi.

Mwanangu, nimekipapasa njia nzima. Kimekaa sawa kabisa.

Baba yako