Mluzi Ndani ya Mataruma

Jumatatu, 3 Machi

Mataruma yamefika! Ya mbao, yaliyolazwa chini ya ile reli ya zamani iliyong'olewa. Mgongo sina. Nitayasimamisha kwenye ukumbi wa maonyesho kama msitu, niyatoboe tumbo, ndani niweke spika. Mtu akiegemeza sikio amsikie ndege aliyekuwa akiishi kwenye miti hiyo kabla wakoloni hawajaamuru ikatwe. Ndege mwenyewe kwetu hayupo tena. Babu yake Mama alichapwa viboko akiikata, na akirudi nyumbani aliwafundisha watoto mluzi wa yule ndege, wasije wakamsahau. Sasa anaujua Mama peke yake. Mimi nikijaribu natoa mate tu.

Leo nimemrekodi, kitandani. Kifua kinambana, lakini kapiga vizuri — hadi Baba akanyamaza, na huyo ndiye tunayemwita Redio! Halafu Mama akaniharibia. Akakohoa, akaniuliza kama nimekula, akasema nizime hicho kidude. Akamgeukia Baba: "Na wewe Redio, sogea karibu bwana, unakaa mbali kama mgeni." Tukacheka sana.

Alhamisi, 6 Machi

Nimempelekea fundi sauti kadi ya rekodi. Akauliza asafishe kiasi gani. Nikamwambia vyote — kikohozi, maneno, vicheko. Nataka ndege tu, binadamu asisikike kabisa. Nilijiona msanii kweli kweli.

Jumapili, 16 Machi

Mama ametutoka. Asubuhi, Baba akimshika mkono. Siwezi kuandika.

Jumanne, 25 Machi

Tangu mazishi Baba haongei. Redio imezimika. Leo kwenye chai ndiyo kafungua mdomo: ile sauti uliyorekodi, pale mama yako aliponiita nisogee karibu — ipo? Nikamwambia ipo, ataisikia siku ya ufunguzi. Akanywa chai yote! Nikaenda mbio kwa fundi.

Haipo. Alisafisha, akahifadhi juu ya rekodi ileile, kadi akaifuta akaenda kurekodia harusi. Ndivyo wanavyofanya siku zote, kadi haziwatoshi. Akanitazama: "Dada, si ulisema binadamu asisikike?" Nilisema. Akafungua kila kitu alichonacho, akatafuta weee, mwisho machozi yakamtoka yeye kwanza. Nikakosa hata nguvu ya kumgombeza. Umebaki mluzi mtupu, safi, utadhani ndege kweli. Hata pumzi ya Mama hakuacha.

Naumia. Naumia mpaka mikono inakataa kushika patasi. Ndege alifukuzwa na wakoloni. Mama nimemfuta mwenyewe, kwa mdomo wangu. Baba sijamwambia. Nitamwambia kesho.

Jumamosi, 5 Aprili

Sikumwambia. Kila kesho nilisema kesho.

Ufunguzi umejaa. Hotuba ndefu, ukoloni na misitu, misitu na ukoloni. Watu wanaegemeza masikio, wanatikisa vichwa. Meneja wa ukumbi kaniuliza ndege huyu nimemrekodi wapi, anaimba ajabu. Nikajifanya naitwa upande wa pili.

Baba kaja mapema. Kanyoa ndevu, kavaa shati la kwenda kwa wakwe. Nikampa kiti mbele ya taruma la katikati. Mluzi ukalia. Akafumba macho, akatabasamu — tangu msiba sijaona meno yake! Ukaisha. Akasubiri. Ukaanza upya. Ukaisha tena. Nikamgusa bega: Baba, twende ukapate hewa kidogo. Akaweka kidole mdomoni.

"Ngoja, mwanangu. Akishakohoa tu, ataniita."

Hakuna kikohozi, Baba. Hakuna! Hata sasa sijamwambia. Nimekuja kusimama hapa ukutani, naandika. Wageni wanaondoka. Mlinzi ameanza kufunga madirisha, ananitazama mimi, anamtazama mzee. Mluzi umeisha tena.

Baba anasogeza kiti karibu zaidi.