Asali ya Saiprasi

Garsen

Kwa kaka yangu Dzombo,

Natumaini barua hii inakukuta mzima huko Kulesa, pamoja na shemeji, watoto, na ule mguu ulioteguka ulipoanguka kutoka kwenye mkoma ukigema tembo. Sisi hatujambo. Joto ni lile lile, ila mimi silisikii, maana nina habari inayonichemsha kuliko jua.

Unakumbuka ulivyowachekesha watu kwenye matanga ya Baba, ukisema nimekataa kuolewa ili nile vumbi la mbao? Basi kaka, linalika.

Mwenye kiwanja alinipa hadi mwisho wa kiangazi: niondoe rundo la vumbi nyuma ya mashine ya randa, au nihame na karakana niliyoijenga bila mkono wa mtu. Lote ni vumbi la saiprasi na paini zinazoshuka na malori kutoka bara, na shambani halitaki kuoza. Abdikarim, daktari wa mifugo, alipokuja kuchukua kitanda chake aliniambia kwamba miti hiyo ina sukari iliyofungwa ndani ya mbao. Si ya chai, lakini maji ya moto mkali huitoa, na mifugo huipenda. Sufuria ya wazi haifikishi moto huo, akasema. Nikaenda kwa wauza vyuma chakavu, nikapata mtungi mzito uliokuwa ukichemshia vyombo vya hospitali, wenye vali na saa ya presha. Unafika digrii mia moja na thelathini.

Kilo kumi za vumbi zilinipa maji ya rangi ya chai ya mkandaa, isiyotiwa maziwa. Nikayachemsha hadi ikabaki nusu kilo ya rojo jeusi. Ni kidogo, najua. Lakini rundo langu ni tani sita, piga hesabu, na kuni ni vipande vyangu mwenyewe. Faduma, mwenye duka na mbuzi wengi, alilinyunyiza kwenye mabua makavu ambayo mbuzi wake walikuwa wakiyakanyaga tu. Wakayamaliza, wakalamba karai. Akaagiza la kundi zima.

Hapo nikaingiwa na pupa. Sikungoja maji yapungue; niliyatia kwenye madumu uliyoniazima, nikampelekea. Kaka, madumu yako ya tembo hayakuwa yameoshwa, na joto likamalizia kazi: maji yakachacha. Vifuniko vikavimba, povu likatoka, beberu mmoja aliyeyanywa akapepesuka, na mji ukamfanya kumi. Vijana wa bodaboda wakaniuliza kama nauza kwa glasi au kwa pembe. Faduma alikuja na dumu mkononi, hakupandisha sauti. "Dama, mimi nimehiji. Mbuzi wangu wananuka tembo." Akaondoka, na wafugaji wote wakaondoka naye.

Nilinunua madumu mapya. Nikachemsha hadi rojo likashika mwiko kama asali, kwa kuwa zito halichachi upesi. Dumu moja nikaliacha juani mbele ya duka la Faduma wiki nzima, kila apitapo alione. Halikuvimba. Mwishowe alilifungua mwenyewe, akanusa, akachovya kidole, akasema linanuka jeneza lakini halinuki tembo. Jana alichukua lote, na mfugaji mwingine, Adano wa Idsowe, anasubiri lake. Rundo limeshuka hadi kiunoni. Mwenye kiwanja ameniuliza kama nitahitaji kiwanja cha pili!

Sasa lile lililonifanya niandike nisipige simu, maana kwenye simu ungenikatiza. Siku ile alipokuja na dumu mkononi, Faduma aliuliza madumu ni ya nani. Mikoma unayogema iko kwenye malisho ya kaka zake, nao wanakuvumilia kwa sharti moja, tembo lako lisikaribie mifugo yao. Nilimjibu, "Ni yangu." Aibu nikaibeba mimi. Wewe kwenye urithi ulininyima hata mnazi mmoja wa Baba. Mimi nimekuachia mikoma yote.

Shukrani sitaki. Nataka mtu anayejua kwa pua maji matamu yanapoanza kugeuka, na katika ukoo wetu ni mmoja tu. Madumu yako nimeyasugua kwa majivu na maji ya moto. Njoo uyachukue mwenyewe, uje na nguo za kazi.

Msalimie shemeji sana, na watoto uwaambie shangazi yao anawaulizia.

Ni mimi dada yako, mla vumbi,
Dama