Fimbo ya Mvua ya Mama Aldith

Thornholm, Sikukuu ya Mtakatifu Mikaeli

Mwanangu Osbert,

Nakusalimu kwa jina la Bwana. Sisi wazima, hofu ni kwako. Bibi yako Edith anakusalimu. Mguu bado umevimba, ila mdomo haujambo. Mjomba Wulfrik anakusalimu, anauliza kama Kilatini kinashibisha. Dadako Hawisa anakusalimu sana. Hata Padri Hamo, anayeandika haya ninayosema, anakusalimu, na ananiambia nipunguze maneno, wino unakwisha.

Fimbo yako ya kuhesabia mvua nimempa mchukuzi wa sufu, akufikishie. Mwaka mzima nimekata ulivyonielekeza: siku ya mvua alama moja, ya ngurumo mbili, ya jua naacha tupu. Ule utabiri wa mvua na jua ulioutoa kwenye vitabu vya nyota, Padri amenisomea kila Jumapili. Fimbo itawaeleza yenyewe wakubwa wako wa chuoni kama ulitabiri kweli. Wakiridhika wakupe cheo chako, urudi kama ulivyoahidi. Kitanda chako nimekitandikia majani mapya.

Mama yako,
Aldith

*

Oksfodi, Siku ya Mtakatifu Stefano

Mama yangu,

Shikamoo. Nisalimie wote, Bibi kwanza. Mimi mzima.

Waliilaza fimbo mezani kando ya utabiri wangu, wakahesabu alama moja moja. Mwaka mzima fimbo na utabiri vimetofautiana siku tisa tu, Mama. Mwalimu mmoja aliyekuwa akiniita mchunga kondoo alinipisha mlangoni.

Lakini sirudi. Askofu amesikia, ananichukua kwake. Siku ya Mtakatifu Yohana Mbatizaji, mwezi Juni, nitamtajia siku kavu za kukata na kuanika majani ya mifugo katika mashamba yake yote. Nimeweka jina langu rehani kwamba sitakosea.

Mwanao,
Osbert

*

Thornholm, wiki ya tatu baada ya Pasaka

Mwanangu Osbert,

U hali gani? Hii ni barua ya tatu tangu uniandikie, mbili hukujibu. Bibi yako tulimzika Kwaresima. Mlango ukigongwa alikuwa akiuliza, "Ndiye?" Hawisa ameolewa ng'ambo ya mto. Mjomba hatanii tena. Mimi niko na kuku.

Katika barua zile sikuthubutu kusema. Leo nasema, na Padri ameweka kalamu chini mara mbili kabla ya kukubali kuandika.

Fimbo ile ni ya uongo. Agosti uliyosema itakuwa kavu tulivuna tumelowa, shayiri ikachipua ndani ya miganda. Sikukata hata alama moja. Siku ulizosema mvua, jua likiwaka, nilikata. Hawisa akaniuliza, "Mama, unakata nini na nguo zimekauka?" Nikamwambia, "Nyamaza wewe. Kakako akishinda atarudi." Zile siku tisa niliziacha makusudi, nikaona zikilingana zote watashuku.

Nilidhani nakuita nyumbani. Kumbe kisu changu mwenyewe ndicho kilichokupeleka mbali.

Usimtajie Askofu siku yoyote. Majani yakinyeshewa yakaoza, ng'ombe wa watu watakula nini msimu wa baridi? Na wewe watakufanya nini? Mwambie Askofu kwamba mama yako ni mwongo. Acha wanicheke, sijui hata sura zao.

Nimeanza fimbo nyingine. Hii nakata ninachokiona. Leo mvua, jana mvua.

Nijibu upesi, mwanangu, kabla ya Mtakatifu Yohana, hata kama ni kunigombeza. Mchukuzi wa sufu hupita hapa Alhamisi. Kila Alhamisi nitakuwa darajani.

Mama yako,
Aldith