Taji la Lettice

Ashcombe Parva,
Hampshire.
14 Machi 1932

Mpendwa Wilfred,

Salamu nyingi kutoka nyumbani. U hali gani, na Muriel je, na watoto? Kifua chako kimepoa? Baridi ya huko Kanada siijui, ila ya hapa imenikaa magotini. Mengine ni uzee tu.

Dada yetu Lettice tulimzika vizuri. Kasisi alisoma mbiombio kwa sababu ya mvua, na waombolezaji wakamaliza keki zangu zote.

Sasa hilo taji lako. Nilikusihi tumzike kimya kimya. Ukanijibu kwamba nina wivu, na kwamba bikira wa ukoo wetu akifa lazima atundikiwe taji lake kanisani kama mabikira wote tangu enzi za mababu. Haya, bwana mkubwa. Nililisuka mwenyewe kwa fito na maua ya karatasi, nikalining'inizia glavu nyeupe za ubikira. Likatundikwa kwanza usawa wa macho, mbele ya watu, Jumapili tatu, ili mwenye pingamizi aseme kabla halijapandishwa ukutani likae milele.

Jumapili ya kwanza, kimya. Ya pili, kimya. Majirani wana huruma kuliko wewe. Jana, ngazi imeshaletwa, akainuka Bi Tuckett, yule mkunga mzee, na mkongojo wake.

"Lishusheni. Huyo kazaa."

"We bibi, kaa chini! Unamsema marehemu!" akafoka mpiga kengele.

"Sikai ng'o! Mtoto nimempokea kwa mikono hii. Muulizeni Hester hapo kama mimi mwongo."

Kanisa zima likanigeukia. Nilifungua kinywa nimwite mwongo, nikashindwa, mbele ya madhabahu tuliyobatizwa sote. Nikainamisha kichwa, na hilo likawa jibu. Taji likashushwa, likachomwa pamoja na takataka za makaburini. Leo watoto wa shule wanamtungia nyimbo.

Miaka yote Lettice alilificha jambo hilo. Hata siku ulipopanda meli alijizuia kulia, watu wasije wakashangaa. Wewe umemvua nguo akiwa kaburini, kwa ubishi wako.

Nisalimie Muriel. Nisalimie na Agnes na Percy, uwaambie wasimlilie shangazi. Wamlilie bibi yao.

Mungu akulinde, akupe usingizi mzuri kuliko alionipa mimi jana.

Mama yako mdogo akupendaye,
Hester