Atakachosikia Mama Mlangoni

Makazi ya Katumba,
S.L.P. Mpanda.
14 Oktoba, 1979

Mpendwa kaka Apollinarie,

Nakusalimu kwa jina la Yesu, wewe na wifi Natalia na watoto wote wa hapo Kigoma. Hamjambo? Kile kifua cha wifi kimepona, au bado mnahangaika nacho? Na Mama je, anakula? Au bado anausukuma ugali pembeni na kulalamika kwamba samaki wa ziwani wana miiba mingi kuliko nyama? Macho yake najua hayatarudi, lakini niambie kama bado anasuka vikapu kwa kupapasa. Hiyo ndiyo habari ninayoitaka kwanza.

Sisi huku tuko wazima. Séverin mume wangu anatembea, ila mgongo wake ni ule ule. Eufrazia alishikwa na malaria mwezi wa nane, akapona. Fabiani amempita baba yake kwa urefu, anainama mlangoni. Sabuni hakuna kabisa tangu vita viishe, tunafua kwa majivu, basi hata nguo ya kwenda kanisani inanuka jiko.

Umeuona mwandiko? Ni wangu. Huu ni mwaka wa pili niko kwenye kisomo cha watu wazima, na mwalimu anasema herufi zangu zimelewa lakini zinasomeka. Zamani barua zangu aliziandika katekista. Hii sikutaka aiandike yeye, na ndiyo maana imechelewa. Yapo mambo ambayo mtu hayasemi mbele ya katekista.

Katika barua yako ya mwezi wa saba uliandika kwamba Mama anataka kuja kwangu kwa treni kabla ya Noeli, na kwamba anauliza kitu kimoja tu: mto bado unasikika mtu akikaa mlangoni? Nimekaa na swali hilo miezi mitatu. Nalifulia, nalipikia, nalala nalo.

Mimi ndiye niliyemwahidi. Ule mwaka alipoanza kutoona nilimtumia salamu kwamba asihuzunike, akichoka na Kigoma atakuja kukaa mlangoni kwangu na kusikia maji yakipita, kama alivyoyasikia nyumbani kabla hatujaikimbia nchi yetu. Amelishika neno hilo miaka minne.

Kaka, mto haupo.

Mwaka jana ulikauka mwezi wa nane. Mwaka huu mwezi wa sita haukuwa na kitu. Sasa ni mchanga mtupu, na mashimo tuliyochimba wanawake. Unaingia shimoni, unakwangua kwa kibuyu, unasubiri maji yajikusanye, unakwangua tena. Tunagombana kama watoto. Juzi nilimtukana mke wa Pontien, jirani yangu wa siku zote, kwa sababu ya ndoo moja ya tope.

Watu wanasema ni mvua, wengine wanasema ni dhambi. Mimi najua ni sisi, na katika sisi ni mimi.

Unajua watu wa milimani tulivyo. Kwetu shamba lenye kisiki ni shamba la mvivu, mtu anapita njiani anacheka. Basi tulipoletwa hapa porini na kila familia ikapewa eneo lake, tulianza kung'oa. Kukata hakukututosha. Tulichimba mizizi kwa sururu, tukaichoma kwa siku tatu, tukairudia, mpaka ardhi ikawa laini kama unga. Mgongo wa Séverin uliishia humo. Magogo yote tuliyapeleka kwenye bani, lile banda la kukaushia tumbaku kwa moto, na siku ya mkutano shamba letu likasifiwa mbele ya kijiji kizima kwa usafi. Nilitembea wiki nzima shingo juu, Mungu anisamehe.

Kuna Mkonongo mmoja, mwenyeji wa huku, anaitwa Kalisti, mrina asali, huwa anapita hapa na mizinga yake ya magome begani. Ana majivuno na maneno mengi, na simpendi. Alituambia tangu mwanzo kwamba wao hukata mti usawa wa goti na kuuacha, maana kisiki kikiachwa huchipua chenyewe. Tulimcheka mpaka akakasirika.

Halafu lipo jambo langu mwenyewe, ambalo Séverin hakuhusika nalo. Pale juu, kwenye chimbuko la mto, palikuwa na miti minene na udongo mweusi wenye unyevu. Niliona pale magimbi yatastawi. Nikaikata miti ile kwa mkono wangu, nikang'oa visiki kimoja kimoja, nikapanda. Nimevuna mara tatu. Mara ya nne hapakuwa na unyevu wa kulea hata gimbi moja.

Unaikumbuka chemchemi ya nyumbani, na ile miti ya mivumu iliyoizunguka? Unakumbuka siku Mama aliponichapa kwa sababu nilivunja tawi pale? Nilikuwa na miaka saba. Fimbo nimeikumbuka maisha yangu yote, sababu yake nikaisahau.

Sasa nikueleze kitu kingine, ingawa sijui nikiiteje.

Mwaka 1976 Séverin alilazwa Mpanda kwa ajili ya mgongo, na kona moja nyuma ya nyumba ikabaki haijang'olewa. Visiki kama ishirini, na mti mmoja mkubwa wa mtundu ambao hakuwahi kuufikia. Niliona aibu sana. Nilipanda mibarika mbele yake ili watu wanaokwenda misa wasione. Usicheke.

Mwezi uliopita nilikwenda kule nyuma kutafuta kuku. Kaka, visiki vile vimekuwa miti. Imefikia paa. Na mvua haijanyesha hata tone tangu mwezi wa nne, lakini yote imetoa majani mapya, mekundu kama pilipili. Nilisimama nikajiuliza inakunywa wapi. Nikapiga magoti nikafukua chini ya majani makavu, na kidole changu kikapata ubaridi. Si maji. Ni ubaridi tu. Nilikaa pale nikalia mpaka Eufrazia akaja kuniuliza nani amekufa.

Nikayameza majivuno ya Kalisti, nikamwuliza kama mto utarudi. Akasema hajui. Akasema kona ile imebaki na mizizi yake, lakini kwenye chimbuko sikuacha kitu, kwa hiyo pale lazima tuanzie kwenye mbegu, bila moto na bila jembe, na tungoje. Nikamwuliza miaka mingapi. Akaanza kuhesabu kwa vidole, akaacha. Akasema labda Fabiani atauona.

Magimbi yaliyokufa nimeyang'oa, na chimbuko nimelizungushia miiba. Nimekusanya mbegu za ule mtundu nikazifukia pale. Séverin anasema nimechanganyikiwa. Pontien bado anang'oa visiki vyake upande wa pili, na moshi wake unaingia nyumbani kwangu wakati huu ninapoandika. Sina matumaini makubwa, nisikudanganye. Asubuhi nyingi nikiamka na kuuona ule mchanga natamani tungekuwa hatukuja kabisa.

Nilianza barua hii nikiwa nimeamua kukuandikia kwamba Mama asije. Kurasa mbili zimeisha na bado sijaandika hivyo.

Mwambie ukweli wote. Mwambie mto umekauka na aliyeukausha ni binti yake, yule yule aliyechapwa. Akinung'unika mwache, ana haki. Halafu mwambie kwamba Kalisti alitundika mzinga kwenye ule mtundu wa kona, na nyuki wameingia. Nimekihamisha kitanda atakacholalia upande ule, na mlango wa nyuma nimeufungua. Nimejaribu kukaa pale nimefumba macho kama yeye. Hausikii maji. Unasikia nyuki, kuanzia asubuhi mpaka jua linapopoa.

Kama nyuki watamtosha, mlete.

Msalimie sana wifi Natalia, na shangazi Marsela, na Salvatori ukimwona huko bandarini. Séverin na watoto wanawasalimu wote. Mungu awalinde njiani na nyumbani, na kwetu huku atuletee mvua.

Ni mimi dada yako akupendaye, na anayengoja jibu la Mama,
Athanasie